Namna ya Kufurahia Onesho la Uimbaji wa Kikelti na Kiklasiki kwa Sikio Lililolelewa na Taarab

Mtu aliyekulia Unguja au Pemba akiisikia fidla na kanuni harusini, redioni na katika maonesho ya Nadi Ikhwan Safaa au Culture Musical Club, akiketi kwa mara ya kwanza kuwatazama waimbaji wa Kiayalandi wakiimba na okestra kubwa nyuma yao, huenda akaondoka na hukumu moja tu: sauti ni nzuri, lakini muziki umepoa. Hukumu hiyo haitokani na ubovu wa sikio lake. Inatokana na kulitafuta jambo mahali ambapo halikuwekwa, kwa sababu utamu ambao taarab huuweka katika mwendo wa lahani moja inayofuatwa na ala zote, muziki huu huuweka zaidi katika sauti kadhaa zinazopishana, zikakorofishana kidogo, kisha zikakutana. Maelezo haya yamekusudiwa kumwongoza msikilizaji huyo, ama amepata tiketi ya onesho la moja kwa moja, ama ameamua kukaa sebuleni na jamaa zake kutazama onesho lililorekodiwa. Na rai yangu tangu mwanzo ni kwamba sikio la taarab limekwisha kupata sehemu kubwa ya mafunzo linayoyahitaji, na lililobaki hujifunzika.

Asili ya mchanganyiko huu

Wanapotajwa Wakelti katika muziki hukusudiwa zaidi watu wa Ayalandi na wa Uskoti, pamoja na wa Wales na wa Bretagne iliyoko kaskazini-magharibi mwa Ufaransa, ambao lugha zao za jadi ni za ukoo mmoja. Uimbaji wa kiklasiki, kwa upande wake, ni ule uliolelewa na opera, yaani michezo ya kuigiza inayoimbwa, na makanisa ya Ulaya. Wapo wanaodhani kwamba kuvichanganya viwili hivi ni ujanja wa wafanyabiashara wa juzi, lakini mchanganyiko wenyewe ni wa kale. Turlough O'Carolan, mpiga kinubi kipofu wa Ayalandi aliyeishi kati ya 1670 na 1738, alitunga lahani zake huku akivutiwa na muziki wa Kitaliano uliokuwa ukipendwa katika nyumba za wakubwa wa zama zake. Mwaka 1792 wapiga vinubi walikusanywa mjini Belfast, na kijana Edward Bunting akapewa kazi ya kuziandika lahani zao zisije zikapotea. Baadaye Beethoven, akiwa Vienna, alizipangia sehemu za piano, fidla na selo (ndugu wa fidla, mkubwa na mwenye sauti nzito) nyimbo nyingi za Ayalandi, Uskoti na Wales kwa maagizo ya George Thomson, mchapishaji wa Edinburgh.

Kilicho kipya ni ukubwa wa jukwaa na vipaza sauti. Mwaka 1990 Luciano Pavarotti, Plácido Domingo na José Carreras waliimba pamoja mjini Roma na kuonesha kwamba sauti za opera zinaweza kupendwa na umma mkubwa usioingia katika nyumba za opera. Mwaka 1994 Riverdance, onesho la ngoma za Kiayalandi lenye muziki wa Bill Whelan, ilioneshwa Dublin kama kipande cha kujazia muda katika mashindano ya nyimbo ya Eurovision, ikavuma kuliko mashindano yenyewe. Mwaka 2004, katika ukumbi wa Helix mjini Dublin, likaanza kundi la Celtic Woman chini ya uongozi wa muziki wa David Downes, likiwa na waimbaji wanne na mpiga fidla mmoja, Máiréad Nesbitt. Onesho lile la kwanza lilirekodiwa kwa ajili ya televisheni, na mtindo huo ukaendelea, jambo linalomfaa sana msikilizaji wa visiwani, kwa kuwa maonesho ya namna hii hayatufikii kila msimu, ilhali rekodi zake zinapatikana kwa wingi.

Kazi ya kwanza: kuitambua njia ya kuimba

Katika onesho moja la namna hii utasikia njia tatu za kutoa sauti, na mara nyingi mwimbaji yule yule huhama kutoka njia moja kwenda nyingine ndani ya wimbo mmoja. Kuzitambua ndiko kunakofungua mlango, kwa hiyo nashauri nyimbo tatu nne za mwanzo zitumiwe kwa kazi hiyo tu, bila ya kushughulishwa na mavazi wala taa.

Njia ya kwanza ni ya opera. Sauti hutoka kwa koo lililofunguliwa, pumzi ikishikiliwa na misuli ya mbavu na tumbo, na noti ndefu hutikiswa kwa mtikisiko wa sawasawa. Wengi wetu huisikia njia hii kama kilio au kama mtu anayejikuza, na hapa inafaa kujua sababu yake: ilibuniwa katika enzi ambayo hapakuwa na kipaza sauti, na mwimbaji alipaswa kusikika juu ya okestra nzima. Mafunzo yake humwezesha kukusanya nguvu ya sauti karibu na mitetemo 3,000 kwa sekunde, mahali ambapo sikio la binadamu ni kali na ambapo okestra haina nguvu nyingi. Ule mng'aro unaokuchoma ndio hasa unaoifikisha sauti kwenye viti vya mwisho.

Njia ya pili ni uimbaji wa jadi wa Ayalandi uitwao sean-nós. Mwimbaji huimba peke yake bila ya ala wala ngoma, sauti ikiwa imenyooka bila ya mtikisiko mkubwa, na mapambo madogo madogo yakizungushwa kwenye herufi za maneno. Mwendo hufuata maneno, wala haufuati mapigo, na ubeti wa tatu hauimbwi sawasawa na wa kwanza. Msikilizaji aliyemjua marehemu Bi Kidude hatahitaji kushawishiwa kwamba sauti isiyopigwa msasa inaweza kubeba kisa kizima. Huyu ndiye mwimbaji ambaye sikio la taarab litamwelewa haraka kuliko wote, kwa sababu linajua kusubiri kuona neno litapambwa wapi na litaachwa wapi.

Njia ya tatu ni ya kipaza sauti, ambamo mwimbaji huweza kunong'ona karibu na masikio yako, na pumzi yake ikasikika. Ni njia tamu na ni rahisi kuitumia vibaya. Onesho dhaifu huipaka njia hii kila wimbo, likaongeza mwangwi wa mitambo hata sauti zote zikawa na ladha moja. Onesho zuri hukufanya usikie mpito: ubeti wa kwanza unaanza kwa sauti iliyonyooka ya kijadi, na kiitikio cha mwisho kinapanda kwa nguvu ya opera, nawe unatambua kwamba aliyepanda ni yule yule aliyekuwa akinong'ona. Ukiweza kukishika kituo ambapo sauti inageuka, umekwisha kuanza kufaidi.

Kazi ya pili, nayo ndiyo ngumu: kusikia chini ya lahani

Katika taarab ya asili waimbaji na ala zote huifuata lahani moja, kila ala ikiipamba kwa desturi yake, na utajiri wake hutokana na makamu, yaani mipangilio ya noti, kama rasti, bayati na hijazi, ambayo baadhi yake yana robo za sauti ambazo piano haiwezi kuzipiga. Msikilizaji wetu akizitafuta robo hizo katika okestra ya Kizungu hatazipata, na hapo ndipo husema kwamba muziki hauna chumvi. Sababu ni kwamba muziki uliojengwa juu ya sauti nyingi zinazolia pamoja unahitaji noti zilizokubaliwa na wote, la sivyo sauti hugombana. Kwa hiyo watu wa Ulaya waliziacha robo wakapata upatanifu. Kimoja kilitolewa, kingine kikapokewa, na msikilizaji mwenye busara hudai kile kilichopokewa.

Njia ya kujifunza ni hii. Chagua lahani moja fupi na uisikilize katika sura tatu. Iliyo bora kwa kazi hii, kwa maoni yangu, ni ile inayojulikana kama Londonderry Air, ambayo Jane Ross wa mji wa Limavady aliikusanya na George Petrie akaichapisha mwaka 1855 bila ya maneno. Maneno mashuhuri ya Danny Boy yaliwekwa juu yake mwaka 1913 na Frederic Weatherly, mwanasheria wa Kiingereza. Isikilize kwanza ikipigwa na ala moja tu, fidla au kinubi, mpaka uweze kuivumisha mwenyewe. Isikilize mara ya pili kwa mwimbaji mmoja na ala chache. Mara ya tatu isikilize kwa sauti nyingi, na safari hii usiifuate lahani hata kidogo, kwa kuwa umekwisha kuijua. Fuata sauti ya pili, ile inayokwenda chini yake, au ufuate selo. Utasikia kwamba sauti ya chini wakati mwingine hubaki pale pale huku ya juu ikipanda, na wakati mwingine hushuka kwa makusudi ili kuipa ya juu nafasi, na kwamba kabla ya neno zito sauti mbili husogeleana hata zikakwaruzana, kisha moja ikateremka hatua moja na ukajihisi umetua mzigo. Kukwaruzana na kutua huko ndiko kunakowatoa machozi watu wa Dublin. Waliopata kuimba kwaya katika makanisa ya Mkunazini au Minara Miwili watakuwa mbele ya wenzao hapa, maana wamezoea kushika sauti ya pili au ya nne huku jirani akiimba nyingine.

Jambo jingine utakalolisikia ni wimbo mzima kupandishwa daraja moja kuelekea mwisho, okestra ikivimba na ngoma kubwa zikiingia. Ni hila iliyotumika mno, na baada ya kuisikia mara kadhaa katika jioni moja utaweza kuitabiri. Haina ubaya wowote ukiifurahia pamoja na kuijua.

Ala ambazo hazitakuwa ngeni sana

Fidla tunayo, ila mkono wa mpigaji wa Kiayalandi ni mwingine: katika nyimbo za kuchezea upinde huenda kwa mikato mifupi na ya haraka, na mapambo ni mepesi, yakigusa noti ya jirani na kuondoka. Bodhrán ni ngoma ya fremu ya mbao iliyowambwa kwa kawaida ngozi ya mbuzi, na kila aliyeketi mbele ya safu za matari katika Maulidi ya Homu atalitambua umbo lake. Tofauti ni kwamba hupigwa kwa kijiti kifupi, huku mkono wa pili ukiwa ndani ukiibana ngozi ili kupandisha na kushusha sauti. Tazama mkono huo wa ndani, kwani ndio unaofanya kazi ya ufundi.

Zumari la Kiayalandi, uilleann, linahitaji subira. Mpigaji halipulizi kwa mdomo; hujaza hewa mfuko kwa kiriba kidogo anachokibana kwa kiwiko, na pamoja na bomba la lahani yapo mabomba mengine yanayoshikilia noti moja bila ya kukoma. Noti hiyo isiyokoma ndiyo sakafu ambayo wimbo husimama juu yake, na katika rekodi inayosikilizwa kwa simu hupotea kabisa. Kinubi, ambacho ni nembo ya taifa la Ayalandi, kitakumbusha kanuni kwa jinsi nyuzi zake zinavyolia moja moja.

Kuhusu mwendo, kumbuka aina tatu tu: ule wa pole usio na mapigo ya kuhesabika, ule wa sita kwa nane (mapigo sita yanayokwenda matatu matatu) uitwao jig, ambao sikio lililozoea ngoma zetu hulipokea bila ya kufundishwa, na ule wa nne kwa nne uitwao reel, ambao ndio wa kasi kubwa.

Maneno, mafumbo na bahari

Mpenzi wa taarab asiyeyaelewa maneno hujiona amenyang'anywa nusu ya wimbo, na ana haki. Nyimbo nyingi za onesho la namna hii huimbwa kwa Kiayalandi, Kilatini au Kitaliano, na hata umati wa Marekani unaozishangilia hauelewi maneno yake. Kwa hiyo tafuta tafsiri kabla ya kwenda. Robo saa ya kusoma inatosha. Utakuta fumbo ambalo ungeweza kulisikia katika ubeti wa nyumbani. Wimbo wa Mo Ghile Mear, kwa mfano, unaoimbwa siku hizi kwa furaha na ngoma kubwa, unahusishwa na mshairi Seán Clárach Mac Domhnaill wa karne ya 18, na ndani yake nchi ya Ayalandi yenyewe inazungumza kama mwanamke anayemlilia mpendwa aliye mbali, naye mpendwa huyo ni Charles Edward Stuart, mwanamfalme aliyeshindwa vitani mwaka 1746. Waliojua walijua, na askari wa mfalme wa Uingereza akisikia alisikia wimbo wa mapenzi.

Kundi jingine kubwa ni nyimbo za kuagana. Njaa kubwa ya 1845 hadi 1852 iliua watu wapatao milioni moja Ayalandi na ikawasukuma wengine wasiopungua milioni moja kuvuka bahari, na wengi wao hawakurudi. Bandari, jahazi, mama aliyebaki na barua isiyofika ni mambo ambayo msikilizaji wa visiwani haelezwi mara mbili. Upande wa pili wapo waimbaji wa Uskoti wanaoimba silabi zisizo na maana, kwa kasi ya ajabu, ili watu wapate kucheza pasipokuwa na ala. Hapo usitafute fumbo, fuata ulimi tu.

Lipo pia suala la nyimbo za dini, kwani maonesho haya huwa na sala za Kikristo, hasa yale ya mwezi wa Disemba. Asiyependelea azitazame orodha za nyimbo mapema na achague onesho jingine. Inafaa kujua, hata hivyo, kwamba si kila chenye sura ya kanisa kilizaliwa kanisani: wimbo wa Ave Maria wa Franz Schubert ulitungwa mwaka 1825 kwa shairi la kisa la Walter Scott, na sala ya Kilatini ikaja kupachikwa baadaye.

Adabu za ukumbini

Hapa ndipo desturi zinapotofautiana zaidi. Kwetu mpenzi wa wimbo huinuka katikati ya ubeti uliomgusa, akaenda kumtunza mwimbaji kwa mwendo wa madaha, na fedha hiyo ni sehemu ya mazungumzo kati yao. Katika onesho hili usiinuke. Subiri wimbo uishe kabisa, pamoja na mlio wa mwisho wa kinubi, ndipo upige makofi. Katika nyimbo za pole ukimya wa sekunde mbili tatu baada ya noti ya mwisho huhesabiwa kuwa ni heshima kubwa kuliko kelele. Katika nyimbo za kasi mambo hulegea, watu hupiga makofi kwa mapigo, na sioni kwa nini kigelegele kimoja kilichowekwa mahali pake kikataliwe. Ajabu ni kwamba Waayalandi wenyewe, katika mikusanyiko ya majumbani, humtia moyo mwimbaji wa sean-nós kwa maneno ya sauti ya chini, na hata humshika mkono wakauzungusha polepole anapoimba. Ukali wa ukimya umeletwa na ukumbi wa kiklasiki.

Kama onesho limeandaliwa mahali pa wazi kama Ngome Kongwe, fika mapema baada ya Magharibi na uchukue kitambaa au mto wa kukalia, kwa kuwa ngazi za mawe hazina huruma. Usikimbilie mbele kabisa wala pembeni karibu na spika. Kaa katikati, jirani na meza ya mafundi wa mitambo, kwani wao hupima sauti kwa masikio yao wakiwa pale pale, na unachokisikia ndicho walichokipanga. Simu izimwe, mwanga wake humkera aliye nyuma, na rekodi ya simu ya muziki wa namna hii haina thamani yoyote.

Ukisikilizia nyumbani

Rekodi hizi hutofautiana na nyimbo za redioni kwa kuwa umbali kati ya sehemu tulivu na sehemu yenye nguvu ni mkubwa. Ukipandisha sauti ili uusikie mnong'ono wa mwanzo, okestra ikiingia itawaamsha majirani. Kwa hiyo tafuta kwanza kiitikio cha mwisho, upime sauti kwa hicho, kisha urudi mwanzo na usiguse tena kitufe. Zima feni kwa muda wa wimbo mmoja mmoja, ukiweza kulivumilia joto, maana mvumo wake hukaa pale pale inapokaa selo. Spika ya simu haifai. Hata visikilizio vya masikioni vya bei ndogo vitakupa noti za chini zilizokuwa zimepotea. Pakua onesho zima usiku mapema kwa bando, ili picha isikwame katikati ya wimbo wa pole.

Usilitazame lote kwa mkupuo. Maonesho haya kwa kawaida huwa na sehemu mbili zenye mapumziko katikati, na sehemu moja kwa usiku mmoja yatosha, pamoja na kurudia nyimbo mbili: ule uliokupendeza, na ule uliokuchosha, safari hii ukiufuata kwa sauti ya chini kabisa badala ya lahani.